Kiingereza cha nguo na vifaa vya safari za porini na milimani: mwongozo kamili

Mtu anayekimudu vizuri Kiingereza cha ofisini anaweza kufungua orodha ya vifaa vya safari ya mlimani akakwama mstari wa pili. Kiingereza chake hakina kasoro. Shida ni kwamba Kiswahili hubeba vitu vingi kwa neno moja, na Kiingereza huvigawa. Sisi tuna koti. Wao wana "coat", "jacket", "raincoat", "anorak", "parka" na "shell", na ukiagiza moja ukitarajia nyingine utapokea nguo usiyoitaka. Sisi tuna kofia. Wao kwanza watauliza ina ukingo pande zote, ina ukingo mbele tu, au imefumwa kwa sufu. Hata kitenzi chetu kifupi cha kufunga, kinachotosha kwa zipu, kamba, kifungo na mkanda, kwao kina watoto wanne au watano.

Kwa hiyo kukariri maneno mia kwa mpangilio wa alfabeti ni kujichosha. Fuata mpangilio wa mwili na wa safari yenyewe: unavaa, unafunga, unabeba, unalala. Majina yatakuja yenyewe njiani.

Hatua ya 1: Anza na vitenzi

Majina unaweza kuyaonyesha kwa kidole. Kitenzi ukikikosea, sentensi nzima inapinda.

Chukua "nimevaa jaketi". Kiambishi cha -me- kinatuvuta tuseme "I have worn a jacket", na karibu kila mtu niliyewahi kumsahihisha Kiingereza amelisema hilo. Kwa msikilizaji, hiyo ina maana kwamba umewahi kuvaa jaketi wakati fulani maishani. Kama jaketi liko mwilini sasa hivi, sema "I'm wearing a jacket". Kiswahili hutumia kuvaa kwa kitendo na kwa hali, Kiingereza hutenganisha. Kitendo cha kuingiza mikono ni "put on": "Put your jacket on, it's getting cold." Ukishamaliza, ile hali ya kuwa nayo mwilini ni "wear". Kuvua ni "take off", na kujaribisha nguo kabla ya kununua ni "try on". Ukitumia "it" au "them", neno hilo hukaa katikati: "put it on", "take them off". Ukisema "put on it" watafikiri unataka kuweka kitu juu ya kitu.

Sasa kufunga. Zipu ni "zip up". Vifungo ni "button up". Kamba za buti zinazopita kwenye matundu ni "lace up", na lile fundo la mwisho ni "tie". Mkanda wa begi wenye kifungio cha plastiki kinacholia "ta!" kikiingia ni "buckle" au "clip". Yote hayo yakikupotea, kuna wawili watakaokuokoa: "do up" kwa kufunga na "undo" kwa kufungua. "Do up your jacket", "do up your laces", "undo the strap". Waingereza wenyewe huyatumia hayo kutwa nzima.

Ongeza machache ya njiani. Kukaza mikanda ni "tighten", kulegeza ni "loosen". Kukunja mikono ya shati ni "roll up your sleeves". Kuchomekea ni "tuck in", na hili utaliona kwenye maonyo ya kupe: "Tuck your trousers into your socks", yaani ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi. Kupiga hema ni "pitch a tent" au "put up a tent". Asubuhi ukiling'oa, "take down".

Hatua ya 2: Vaa kutoka ndani kwenda nje

Wapanda milima hawazungumzi sana kuhusu nguo nzito. Huzungumza kuhusu "layers", yaani matabaka, nguo kadhaa nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine ili uweze kuongeza au kupunguza kadiri hali ya hewa inavyobadilika.

Tabaka linalogusa ngozi ni "base layer". Waingereza huliita pia "thermals", na suruali yake ndefu ya kubana huitwa "long johns". Kazi yake ni kuondoa jasho kwenye ngozi, na kitendo hicho kina jina lake, "wicking", linalotokana na neno la utambi: kitambaa hufyonza jasho na kulipeleka nje kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Ukiliona kwenye lebo limeandikwa "moisture-wicking", ni hilo. Vitambaa utakavyokutana navyo hapa ni "merino wool", sufu laini ya kondoo wa merino, na "polyester". Pamba, "cotton", hunyonya jasho na kukaa nalo, na wakati wa baridi hilo ni hatari. Ndiyo maana orodha nyingi za safari huandika waziwazi "no cotton" au "no jeans".

Tabaka la kati ni "mid layer", la kutunza joto. Hapa kuna maneno mawili ambayo kamusi hukupotosha. La kwanza ni "fleece". Kamusi itakuambia ni manyoya ya kondoo, nayo haijakosea, lakini dukani "a fleece" ni sweta jepesi la poliesta lenye uso wa manyoya mafupi, halina kondoo hata kidogo. La pili ni "down". Wewe unalijua kama chini. Kwenye jaketi, "down" ni yale manyoya laini ya bata au bata bukini yaliyo chini ya manyoya magumu ya nje. "Down jacket" ni lile jaketi lililovimba kama mto, lenye mishono ya kukata mapande. Namba kama 650 au 800 inayoandikwa karibu na "fill power" hupima jinsi manyoya hayo yanavyofumuka: ni inchi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja ya manyoya. Namba ikiwa kubwa, unapata joto lilelile kwa uzito mdogo. Udhaifu wa "down" ni maji. Ikilowa hujikunja na kupoteza joto. Jaketi la aina hiyohiyo lililojazwa nyuzi za kiwandani huitwa "synthetic", nalo huvumilia unyevu zaidi.

Tabaka la nje ni "shell", neno lilelile la gamba la konokono. "Hardshell" ni jaketi la mvua na upepo. "Softshell" ni laini, linanyumbuka, linakata upepo, lakini si la kutegemea kwenye mvua kubwa.

Hatua ya 3: Mikia ya maneno inayouza jaketi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa hupotea. Nilishawahi kununua jaketi lililoandikwa "water-resistant" nikiamini ni la mvua. Lilivumilia manyunyu kwa muda wa kunywa chai, kisha maji yakaanza kuingilia mabegani, palepale mikanda ya begi ilipokuwa ikikandamiza. Jaketi halikunidanganya. Mimi sikusoma mkia wa neno.

"Waterproof" ni kitu kisichopitisha maji. Mkia wa "-proof" ni ahadi kamili: "windproof" haipitishi upepo. "Water-resistant" inapunguza kasi ya maji tu. Inastahimili kwa muda. "Water-repellent" inahusu uso wa kitambaa: matone yanajiviringa na kuteleza kama juu ya jani la yungiyungi. Huo mteremko wa matone hutokana na dawa iliyopakwa kwa nje, inayofupishwa DWR, na dawa hiyo huisha kwa matumizi. Kuirudisha huitwa "reproofing".

Kwenye lebo za "waterproof" utaona pia namba za milimita, kwa mfano 10,000 mm au 20,000 mm. Kipimo hicho ni "hydrostatic head": urefu wa mnara wa maji ambao kitambaa kinaweza kuubeba kabla ya maji kupenya. Kisha angalia mishono, "seams", kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango. "Fully taped seams" maana yake mishono yote imebandikwa utepe kwa ndani. "Critically taped" ni ile ya sehemu za hatari tu, kama mabegani na kwenye kofia.

Na "breathable"? Nguo inapumua: mvuke wa jasho hutoka nje huku mvua ikizuiwa. Kitambaa maarufu cha namna hiyo, Gore-Tex, kilitokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, na jina hilo ni la chapa. Usilitumie kwa kila jaketi la mvua.

Mkia mwingine wa kufaa ni "-able", sawa kabisa na kauli yetu ya -ika na -eka. "Adjustable" inarekebishika, "detachable" inabandukika, "packable" inakunjika ikaingia mfukoni, "washable" inafulika. Ukishaushika huo, nusu ya maelezo ya bidhaa utayasoma bila kamusi.

Hatua ya 4: Miguu

Kuanzia kiunoni kwenda chini, Kiingereza kina tabia ya kuhesabu miguu. "Trousers", "shorts" na "leggings" daima ni wingi: "these trousers are wet", hata kama ni suruali moja. Ukitaka kuhesabu, tumia "a pair of trousers", ambayo ni suruali moja, si mbili. Lakini "a pair of boots" ni buti mbili, kushoto na kulia. Haina mantiki, izoee tu.

"Gaiters" ni vile vifuniko vinavyovaliwa juu ya buti hadi chini ya goti kuzuia matope, mawe na theluji. "Hiking boots" hupanda juu ya kifundo cha mguu, "ankle". Vile vifupi ni "walking shoes" au "trail shoes". Sehemu zake ni rahisi kwa kuwa zinafanana na zetu: ulimi ni "tongue", soli ni "sole", kisigino ni "heel". Kamba ni "laces" na matundu yake "eyelets". Yale meno ya chini ya soli ni "lugs", na jinsi yanavyoshika ardhi ni "grip".

Kitenzi kimoja cha viatu kinafaa kujulikana kabla ya safari yoyote: "break in". Si kuvunja nyumba. Ni kuvivaa viatu vipya kidogokidogo hadi vilainike na kuzoea mguu. Ukisoma "boots must be broken in", hawataki viatu vilivyovunjika; wanataka usije na viatu vya jana. Asiyelielewa sharti hilo hujifunza neno la pili, "blister", ambalo ni lengelenge.

Hatua ya 5: Kichwa na mikono

"Hat" ni kofia kwa jumla, hasa yenye ukingo, "brim", pande zote. "Cap" ina ukingo wa mbele tu, na ukingo huo huitwa "peak" Uingereza na "bill" au "visor" Marekani. Kofia ya kufumwa inayobana kichwa ni "beanie" au "woolly hat". Ile inayofunika kichwa na uso ikaacha macho ni "balaclava", iliyopewa jina la mji wa Balaklava huko Crimea, palipopiganwa vita mwaka 1854. Kofia iliyoshonwa kwenye jaketi haiitwi "hat" kamwe, ni "hood".

"Gloves" zina vidole. "Mittens" hazina, isipokuwa gumba, na ndizo zenye joto zaidi kwa sababu vidole hukaa pamoja.

Hatua ya 6: Begi, hema na malazi

Begi la mgongoni ni "backpack" au "rucksack", na hili la pili ni la Kijerumani, mgongo na gunia. Dogo la safari ya siku moja ni "daypack". Ukubwa husemwa kwa lita. Mkanda wa kiunoni ni "hip belt", nao ndio unaopaswa kubeba uzito mwingi, si mabega. Wa kifuani ni "sternum strap".

Kwa hema jifunze manne: "pole" ni ufito, "peg" ni kigingi, "guy line" ni kamba ya kulivuta hema lisimame imara, na "flysheet" ni lile turubai la nje la mvua. Mfuko wa kulalia ni "sleeping bag", ukiwa mwembamba miguuni huitwa "mummy". Lebo yake mara nyingi ina nyuzi joto tatu: "comfort", "limit" na "extreme". Nunua kwa kuangalia "comfort". "Extreme" ni kiwango cha kunusurika na baridi tu, si cha kulala.

Vilivyobaki ni vya kutaja tu: "compass" dira, "whistle" filimbi, "first-aid kit" kisanduku cha huduma ya kwanza, "trekking poles" fimbo za kutembelea.

Neno la kuangalia ni "equipment". Kwa kuwa vifaa kwetu ni wingi, tunajikuta tukiandika "equipments". Halipo. "Equipment", "gear", "clothing", "footwear" na "luggage" hazichukui "s". Vifaa vitatu ni "three pieces of equipment". Na "a cloth" si nguo, ni kitambaa cha kufutia meza. Nguo moja ni "an item of clothing".

Hatua ya 7: Uingereza au Marekani?

Kabla ya kuandika barua au kuagiza kitu, jua upande wa pili uko wapi. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali. Kwa Mwingereza ni chupi. Ukimwambia mwenyeji wako wa Uingereza kwamba "my pants are muddy", atakuonea huruma kwa sababu isiyo sahihi. Sema "trousers" na utaeleweka pande zote. "Vest" Uingereza ni fulana ya ndani, Marekani ni kizibao. Kizibao cha joto kisicho na mikono Waingereza hukiita "gilet", kinachotamkwa kwa Kifaransa, bila "t". "Jumper" ni sweta kwa Mwingereza na gauni lisilo na mikono kwa Mmarekani. Tochi yetu imetoka kwa "torch" ya Waingereza. Mmarekani akisikia "torch" huona mwenge wa moto, yeye husema "flashlight", na ya kichwani "headlamp" badala ya "head torch". Kigingi cha hema Marekani ni "stake". Buti za mpira Uingereza ni "wellies". Malapa huitwa "flip-flops" kote kuwili, lakini Mwaustralia huyaita "thongs", neno ambalo kwingine ni chupi ya kamba.

Namba za viatu nazo hutofautiana. Kiatu cha mwanamume chenye namba 8 ya Uingereza kwa kawaida huwa 9 ya Marekani. Kwa wanawake tofauti mara nyingi ni mbili.

Hatua ya 8: Soma tangazo zima

Sasa jipime kwa maelezo haya ya jaketi, nimeyatunga kwa mtindo wa madukani: "Lightweight waterproof shell with fully taped seams, adjustable hood, pit zips, two zipped hand pockets and Velcro cuffs. Regular fit. Packs into its own pocket."

"Lightweight" ni jepesi. "Waterproof shell" na "fully taped seams" umeshavipita: ni la mvua kwelikweli. "Adjustable hood", kofia yake inarekebishika. "Pit zips" ndiyo inayowashinda wengi: "pit" hapa ni kifupi cha "armpit", kwapa, kwa hiyo ni zipu za makwapani za kutolea joto. "Zipped hand pockets" ni mifuko ya kuingiza mikono, yenye zipu. "Cuff" ni mwisho wa mkono wa nguo, kwenye kifundo. Velcro ni chapa, iliyotokana na wazo la Mswisi George de Mestral, aliyerudi matembezini mwaka 1941 akakuta mbegu zenye vishikizo zimeng'ang'ania nguo zake na manyoya ya mbwa wake. Lebo zisizotaka kutaja chapa huandika "hook-and-loop". "Regular fit" si la kubana wala la kupwaya. La kubana lingekuwa "slim". Na sentensi ya mwisho inasema jaketi lote linakunjwa na kuingia ndani ya mfuko wake lenyewe.

Sasa tafuta kipande ambacho hakikuandikwa. Hakuna "breathable". Muuzaji aliyelipigia jaketi lake debe kiasi hicho angekuwa nalo neno hilo, angeliweka.

Hatua ya 9: Ulimi

Irabu tano za Kiswahili hukunja maneno matatu kuwa moja: "hat", "hut" na "heart". Fanyia mazoezi "I left my hat in the hut" mpaka usikie tofauti. "Hat" inafungua mdomo kwa upana; "hut" ni fupi, ya kooni. Vivyo hivyo "cap" na "cup". "Glove" ina irabu ya "love", si ya "stove". "Clothes" haina silabi mbili. Wengi hulitamka sawa na kitenzi cha "close". "Breathable" hutokana na "breathe" yenye irabu ndefu, si "breath".

Hatua ya 10: Dukani na nyumbani

Ukijaribisha nguo, sentensi hizi zinatosha: "Can I try this on?" "It's a bit tight across the shoulders." "The sleeves are too long." Na moja ya watu wazoefu: "Does it run small?", yaani namba zake huwa ndogo kuliko kawaida? Kumbuka kuuliza hilo ukiwa umevaa sweta ndani, maana ndivyo utakavyolivaa huko juu.

Baada ya safari, pindua jaketi utafute lebo ya ndani ubavuni. "Machine wash cold" ni maji baridi. "Do not bleach", usitie dawa ya kung'arisha. "Tumble dry low", kausha kwa mashine kwa joto la chini. "Do not use fabric softener", usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa huharibu ule uwezo wa kuteremsha matone. Kama jaketi ni la "down" na lebo inaruhusu mashine ya kukaushia, huenda ukakuta wameandika "dry with tennis balls": tia mipira miwili mitatu ya tenisi pamoja nalo, ipige yale manyoya yaliyoshikamana mpaka yafumuke tena.